Herufi Kumi na Tatu

Wachimbaji wa chini ya bahari wanaruhusiwa kutuma nyumbani ujumbe mmoja kwa mwezi, usiozidi herufi mia tano. Programu inausoma herufi moja moja. Ukizidi hata kwa moja, inaufuta wote. Najua, kwa sababu kazi yangu ni kuijaribu. Kila asubuhi naipa ujumbe wa herufi a tupu. Zikiwa mia tano, inapokea. Zikiwa mia tano na moja, inafuta. Ikishafuta, jaribio limefaulu, nami naenda kunywa chai.

Mwezi uliopita mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, alinuna siku nzima. Mwanawe Shaweji, mume wangu, mchimbaji wa huko chini, aliniandikia mimi hadi herufi ya mwisho, yeye hakupata hata salamu. Nikamwandikia Shaweji: safari ijayo usimsahau mama.

Jana ndiyo ilikuwa zamu ya Shaweji kutuma. Simu ikaonyesha mstari mmoja: ujumbe umefutwa, umezidi kwa herufi kumi na tatu. Leo asubuhi redio imetangaza kwamba mgodi wao umejaa maji na hakuna aliyetoka.

Nikahesabu kwa vidole chini ya kanga. Shikamoo mama, pamoja na ile nafasi ya katikati, ni kumi na tatu.

Bi Mwanakheri alikuwa mkekani, amejiinamia. "Yaani mwanangu ameondoka, hata kunisalimia hakunisalimia?"

"Amekusalimia, mama," nikamjibu.

Akainua uso, akaniuliza nimejuaje.