Barua ya Mwalimu wa Kemia

Marisela alisimama mbele ya meza ya mwalimu wa kemia. Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

"Mwalimu, unaweza kuniandikia barua nzuri ya kunipendekeza? Yaani, nzuri kweli?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai.

"Nitaandika, tena kwa furaha. Ila chuo wanauliza kama umewahi kuibia kwenye mtihani. Niwajibu nini, binti?"

Mwezi Machi rafiki yake Marisela alifukuzwa shule kwa sababu ya kikaratasi cha majibu kilichookotwa kati ya madawati yao mawili.

Miwani ilirudi usoni. Mwalimu akamtazama.

"Waambie," Marisela alisema, "kile kikaratasi kilikuwa changu."