Goti la Mwalimu Korongo

Zama wanyama walipofanya mtihani mmoja pori zima, Nguchiro alipungukiwa alama moja ya kufaulu. Mwalimu Korongo, aliyezoea kusoma jumla ya alama tu, si majibu, akaamuru akariri darasa.

"Nionyeshe basi nilipokosea, Mwalimu."

Korongo akafungua karatasi kwa madaha. Swali la nne: maji ya kivukoni yanakufika wapi? Nguchiro alijibu, "Magotini." Sungura naye, magotini. Kobe naye, magotini. Darasa zima lilikosa, maana maji yale huwapita wote vichwa.

"Nani kawafundisha upuuzi huu?"

"Si wewe, Mwalimu? Ulisimama mtoni ukatuonyesha goti lako."

Korongo akaitazama miguu yake mirefu. Akafuta jina la Nguchiro kwenye orodha ya kukariri, akaandika lake.

Kesho yake alichuchumaa kivukoni, maji yakimfika shingoni.

"Shuka tena, Mwalimu," Nguchiro akamwambia kutoka ukingoni. "Bado hujatufikia."