Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta ilizimika kwa mara ya nne, na fomu ya Saumu ya kwenda kusoma ng'ambo ikapotea tena. Mwisho wa kuituma ulikuwa saa kumi. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu.

Fundi Mbwera aliigusa ubavuni, akauondoa mkono haraka. Akakivuta kitambaa cheupe cha kufuma kilichoifunika juu na nyuma.

"Nani ameweka hiki?"

"Mimi," alisema Bi Rukia, mama yake Saumu. "Vumbi, mwanangu. Hata redio naifunika."

"Ndicho kinachoizima, mama. Inakosa hewa, inapata joto, inajizima. Ukiifunika tena sasa hivi, haifiki mbali."

Ikawaka. Saumu akajaza fomu upya, akabonyeza kutuma, na mstari ukaanza kutambaa polepole kwenye kioo. Kisha akatoka kumsindikiza fundi, kama alivyofunzwa na mama yake.

Bi Rukia akabaki. Watoto wake wengine wote walikwisha kuondoka nyumbani. Alikikunjua kitambaa, akakinyoosha pembe kwa pembe kama afanyavyo kila siku, akasimama nacho mbele ya kompyuta.

Barazani, Saumu alisikika akicheka. Mstari ulikuwa umefika nusu.