Mgeni wa Bi Kijakazi

Maji yalikuwa yameshavuka kizingiti, na Bi Kijakazi alikuwa juu ya kitanda, amekunja miguu, anacheka.

"Kamanda Radi mwenyewe! Ndani kwangu mie!"

Kamanda Radi, ambaye kwenye tamthilia aliwahi kufunga genge zima la majambazi kwa kamba ya kuanikia nguo, alisimama mlangoni maji yakimfika magotini, jaketi okozi limembana kitambi. Jina hilo la televisheni ndilo lililomganda. Hata mahotelini wanamwita hivyo.

Nyuma yake alikuwa Consolatha, mtendaji wa kijiji. Alihamishiwa Mohoro juzijuzi tu kutoka Bukoba, na mafuriko yakawa ndiyo makaribisho yake. Majirani wote walishapelekwa nchi kavu. Alibaki bibi huyu mmoja. Mgambo walipombeba kwa nguvu, alijirusha kutoka botini, nusura wazame wote. Kwa hiyo mwigizaji alipopiga simu kujitolea kuja kumshawishi, Consolatha alishukuru bila kuuliza mengi. Watu maarufu wanapenda kupigwa picha kwenye mafuriko.

"Mto unazidi kujaa," alisema Kamanda. "Hii ni boti ya mwisho. Twende."

"Twende wapi, na mwanangu hajarudi? Akirudi akakuta maji matupu, atanitafutia wapi? Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Haya, nisimulie. Umefika wapi na wapi?"

Akasimulia, maana alidhani bibi akichangamka atanyanyuka. Nairobi. Maskati. Bujumbura, alikokula samaki mpaka akasahau maneno ya kusema mbele ya kamera. Mwanza mashabiki walimbeba juu juu, wakamrudisha chini bila kiatu. Tangu utotoni, alisema, akiona basi linapita alitaka kujua linakoishia. Umaarufu ukaja kumpandisha mabasi yote.

"Na mamako, ukimuaga anasemaje?"

Kamanda aliyatazama maji. "Kila mara nasema nitapita mwezi ujao."

"Pita, baba. Sisi hatuna mambo mengi. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

Nje, nahodha Abdalah aliwasha injini. "Dada mtendaji! Mkondo huo unakuja! Tukichelewa hapa hatutoki!"

Consolatha alimvuta Kamanda kando. "Kaka, wewe si mwigizaji? Jifanye ndiye huyo mwanawe. Kutwa anamtaja, anaitwa Mustapha. Ingia upya, mwambie umerudi."

"Unadhani ataamini?"

"Umeliza nchi nzima, utashindwa na bibi mmoja?"

Kamanda alitoka. Akapiga hodi, machozi yakamtoka, akapiga tena. Aliingia, akapiga magoti palepale majini, akaishika miguu ya bibi.

"Mama. Nimerudi. Ni mie, Mustapha."

Bi Kijakazi alimshika kidevu. Akamgeuza uso huku, akamgeuza kule, akamtazama sana. Consolatha akabana pumzi.

Kisha bibi akaangua kicheko, akamchapa kofi la bega.

"Loo! Unaweza kweli wewe! Lakini Mustapha wangu mwembamba, hata ndevu hajaota. Ondoka hapa, muongo mkubwa!"

Alijaribu tena. Alibembeleza, aliapa, alitaja majina ya mashangazi. Bibi alizidi kucheka, akipiga makofi, kama vile ameletewa mchezo chumbani kwake. Kamanda alipotaka kumnyanyua, bibi aling'ang'ania ubao wa kitanda na kupiga mayowe ya mtu anayeibwa.

Akamwachia.

"Ulikosea sehemu moja tu," Consolatha alimnong'oneza walipotoka. "Ulianza kulia mapema mno. Ikaonekana ni uongo."

Abdalah alikuwa ameshafungua kamba. Alinyoosha mkono amvute Kamanda apande.

"Niachieni jaketi moja zaidi, kisha nendeni," alisema Kamanda. "Huyu ni mama yangu mzazi."