Matunda Yasiyo na Uzi

Taisto alihesabu tena kwa hasira. Pilipili changa tisa. Zenye uzi mwekundu zilikuwa tatu tu.

Uzi alikuwa akiufunga mwenyewe. Kila ua aliloligusa kwa brashi yake ndogo, akilipaka chavua yake lenyewe, alilifunga uzi asije akasahau. Ndani ya nyumba, katikati ya Januari, pale Kemijärvi, kaskazini mwa Ufini, ambako jua huchungulia tu na kurudi kulala, hakuna upepo wala mdudu wa kuifanya kazi hiyo. Ua moja moja hujichavusha lenyewe, sawa. Lakini sita? Mtu alikuwa ameingia na brashi yake.

Ungekuwa mche mwingine, angesamehe. Huu ulikuwa wa Helvi. Marehemu mke wake alichanganya pilipili kwa miaka saba mpaka akaipata hii ya manjano, kali yenye utamu wa mbali. Aliacha mbegu tano ndani ya bahasha, na nne hazikuota. Ya tano ndiyo hii, mizizi ikielea kwenye ndoo ya maji na mbolea, taa ya zambarau juu yake, na pilipili nyekundu za kawaida zikiizunguka. Chavua ya hizo nyekundu ikiiingia, mbegu zitakazotoka si za Helvi tena. Atakuwa amemzika mara ya pili.

Na ufunguo wa akiba alikuwa nao mtu mmoja tu.

Aulikki, jirani wa ghorofa ya chini, alipanda mchana huo na maandazi ya iliki, kama kila Jumatano.

"Hiyo pampu yako iangalie, mzee!" alipaza sauti. Taisto akiwa nyumbani huvua kifaa chake cha kumsaidia kusikia, maana pampu ya kupuliza hewa kwenye ndoo humchosha kwa mlio wake. "Juzi ulipokwenda Rovaniemi kwa daktari, nilipoingia kukuwekea kifurushi, ilikuwa inavuma, inanyamaza, inavuma tena."

"Kumbe uliingia."

"Si ulinipa ufunguo mwenyewe?"

"Nilikupa kwa ajili ya moto na mafuriko."

"Haya, bwana mkubwa. Na maandazi niyarudishe, au nayo ni mafuriko?"

Alicheka peke yake. Alipoondoka, Taisto alichukua kioo cha kukuzia na kukagua maua. Katikati ya kila ua lisilo na uzi palikuwa na vidoa vya kahawia, kama limebanwa kwa kibano. Na Aulikki alishika vibano miaka thelathini, akimsaidia daktari wa meno! Isitoshe, kila mwaka kwenye mashindano ya pilipili ya mji alikuwa wa pili, nyuma ya Helvi.

Jioni Taisto alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, chini ya ngazi: ANAYEINGIA NYUMBA ZA WATU NA KIBANO ARUDISHE UFUNGUO. Jina hakuandika. Katika jengo la familia sita, jina la nini?

Asubuhi ufunguo uliangukia ndani kupitia tundu la barua mlangoni, bila neno. Ilimuuma kidogo, tangu Helvi afariki hakuna mwingine aliyekuwa akimgongea. Lakini alijikaza. Alitaka kukitupa hata kile kikapu cha ua alicholetewa na Aulikki wakati wa Krismasi. Kilikuwa dirishani, palepale penye taa. Ua lake lilikuwa limekwisha kunyauka. Ilibaki kuvumwani tu, ile inayotanda ardhini kama sufu, nene na laini, ambayo Aulikki aliichota mwenyewe msituni kabla ardhi haijaganda. Nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, na pipa la taka liko nyuma ya jengo. Akaona uvivu, akakiacha.

Jumanne iliyofuata alihesabu tena. Matunda manne mapya. Hayana uzi.

"Amechonga ufunguo mwingine," alisema kwa sauti, akiwa peke yake. "Mwanamke huyu hana haya!"

Jumatano adhuhuri alitoka na kekee ya kutobolea barafu begani, akishuka ngazi kwa kishindo. "Naenda ziwani kuvua!" aliutangazia mlango wa Aulikki. "Sirudi mpaka jioni!" Akazunguka jengo, akavua viatu mlangoni, akapanda kwa soksi, viatu kwapani. Alijifungia, akajibanza nyuma ya mlango wa chumba cha pilipili. Akavaa kifaa chake sikioni. Kisha, ili ausikie ufunguo ukizunguka kitasani, akachomoa waya wa pampu.

Nyumba nzima ikawa kimya.

Baada ya robo saa, hatua zilipanda ngazini. Polepole, ni za Aulikki, mwenye goti bovu. Zikasimama mlangoni pake. Taisto alibana pumzi. Sasa! Sasa amempata!

Mfuko ulichakarika kwenye kitasa. Harufu ya iliki ilipenya kwenye tundu la barua. Halafu hatua zikashuka zilivyopanda, moja moja, mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Taisto alibaki amesimama na soksi zake zilizolowa, hajui afanye nini na hasira yake. Ndipo mvumo ukaanza, nyuma yake kabisa. Ukanyamaza. Ukavuma tena.

Alitazama waya wa pampu uliokuwa bado mkononi mwake. Akageuka taratibu.

Juu ya ua la Helvi, akiwa ameling'ata kwa nguvu na kulitikisa mwili mzima, alikuwa nyuki mnene mwenye manyoya, miguu imejaa chavua. Alipomaliza aliruka, akapita sikioni mwa Taisto, akaenda kuzama kwenye kuvumwani ya kikapu cha Aulikki, alimoletwa kutoka msituni akiwa usingizini, kabla joto la taa halijamwamsha.