Detekta ya Shangazi Tumpe

Jamani, hii hamtaiamini, na mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu! Kwetu chuma chochote kisichosajiliwa ni mali ya mji, hata msumari. Ukikutwa nacho, nyumba inakatiwa maji mwaka mzima. Anayepita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu kupima kama kuna chuma ni shangazi yangu, Tumpe, na huyo mwanamke namkubali mpaka basi. Kila jioni anaifuta detekta yake, ile mashine inayolia ikinusa chuma, vumbi kwa kitambaa laini, anatoa betri zisije zikavuja, anafumua waya taratibu kama nywele za mtoto. Detekta za mitaa mingine hazisikii hata sufuria. Yake inasikia sindano.

Ndiyo shida yenyewe. Bibi, mama yake mzazi, anaficha sindano ndani ya godoro. Nilikuwa najua mimi tu, maana ndiyo anayonishonea mashati.

Jana ikawa zamu ya nyumba yetu, afisa wa mji kasimama mlangoni. Detekta ikafika kwenye godoro, ikalia! Bibi akaganda.

"Ni simu yangu!" nikaropoka. Kweli simu ikisogea karibu huwa inaichanganya detekta, shangazi ananifukuza kila siku.

Afisa akacheka. "Vijana na simu zenu! Haya mama, twende."

Shangazi hakusogea. Mashine yake haijawahi kusingiziwa. Akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi.

"Izime hiyo simu, mwanangu. Tunapima tena."

Ungekuwa wewe, ungeizima?