Kesho Usichelewe

Zamani wanyama walipokuwa wakiajiriana, walimweka Korongo, mwenye macho ya kuona mbali, awatafutie kazi wasiokuwa nazo. Kobe alifika kwake kila asubuhi, lakini kila alikoelekezwa alikuta mwingine ameshaajiriwa.

"Babu, miguu hiyo umeazima?" Ngedere alimtania akienda kazini.

Kobe alicheka, ila moyoni aliumia. Alitamani maneno ambayo wenzake waliambiwa kila jioni: "Kesho usichelewe." Yeye hakuwa na wa kumngoja.

Siku moja alimkuta Mama Kware kwa Korongo, amezungukwa na vifaranga.

"Kazi ya kupepeta mtama nimeipata," Kware alilalamika, "lakini nikienda na hawa nafukuzwa. Nikiwaacha, watapotea."

Wakati akisema, vifaranga walimpanda Kobe mgongoni, wakateleza, wakapanda tena. Kobe alipojivuta kidogo, wote wakamfuata.

Korongo akainamisha shingo yake ndefu. "Kumbe nilikuwa natazama mbali mno! Mzee Kobe, kazi yako ndiyo hiyo."

"Mimi? Na uzito huu wa miguu?"

"Ndio unaotakiwa. Mlezi mwenye mbio huacha watoto nyuma."

Jioni Kware alirudi, akawakuta vifaranga wote wamesinzia juu ya gamba.

"Ahsante, babu," akanong'ona. "Kesho usichelewe."

Kobe aliingiza kichwa gambani kuficha machozi. Kisha, kwa kuwa aliijua miguu yake, hakwenda kwake. Alilala palepale mlangoni kwa Kware.